Dungu la mtini: jinsi ya kumsubiri pongo bila kuonekana

Aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga ya Nzega au Igunga analijua dungu. Nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na mtoto juu yake mwenye kombeo na debe bovu, anapiga makelele tangu alfajiri ili ndege wasitue. Dungu lile kazi yake ni kuonekana na kusikika. Ukinyamaza, mpunga umekwisha. Hili ninaloeleza hapa ni kinyume chake: dungu la mtini, ambalo ukilijenga mahali pake pongo, yule swala wa vichakani, atapita chini yako anatafuna, wewe unahesabu madoa ya ubavuni mwake, naye ataondoka asijue kwamba palikuwa na mtu.

Ufundi wenyewe wamekwenda nao mbali wawindaji wa Marekani, wale wanaomvizia kwa upinde kulungu wa kwao mwenye mkia mweupe. Hufunga kiti mtini, mita 5 au 6 kutoka chini, kwa kuwa mshale unataka mnyama awe karibu, hatua 20 au 30 tu, na ukiwa ardhini kwa umbali huo anakuona ukikaribia hata kufikiri. Mimi upinde sina. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 300, nayo pia haifiki mbali, kwa hiyo shida yangu na yao ni moja. Nilianza kukwea miti kwa ajili ya mizinga ya nyuki, kama watu wengi wa Sikonge, mkoani Tabora, na picha zikafuata.

Ruhusa kabla ya kamba

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani: kuwinda bila leseni ni kosa, uwe na bunduki, upinde au mtego wa waya. Na hata asiyewinda ajue anavyoonekana. Mtu aliyejificha juu ya mti karibu na maji, ana kisu na kamba, mbele ya askari wa doria ni jangili mpaka atoe karatasi. Kwa hiyo toa karatasi.

Uliza ardhi ni ya nani kwanza. Msitu wa kijiji, nenda serikali ya kijiji. Hifadhi ya msitu, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Pori la akiba, TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Kwenye maeneo ya jumuiya za uhifadhi wa wanyamapori kama Ipole kule Sikonge au Uyumbu upande wa Urambo, anzia ofisi ya jumuiya yenyewe. Huko nimeona ni rahisi zaidi kueleweka, na unaweza kupewa askari wa kijiji wa kufuatana naye. Mchukue. Anajua tembo wamelala wapi jana, jambo ambalo mimi na wewe hatulijui. Omba kibali cha maandishi, kitaje tarehe na mahali, na kikae mfukoni, si kwenye begi ulilolitundika tawini.

Ukiwa hapo hapo uliza na habari za mizinga: ya nani, iko miti gani. Mimi sijengi ndani ya mita 100 za mzinga wenye nyuki. Juu ya mti hakuna pa kukimbilia.

Upepo ndio unaochagua mti

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima.

Dungu langu la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote niliyojenga baadaye. Mti mtundu mnene, upande wa mashariki wa kidimbwi, mbuga yote iko mbele yangu, na asubuhi jua linatoka mgongoni na kummulika mnyama usoni. Kila mpiga picha ndivyo anavyofundishwa: jua liwe nyuma yako. Nilikaa asubuhi sita. Nilisikia pongo akibweka kichakani mara nne, kwa sauti ile kavu ambayo mgeni hudhani ni mbwa, na sikumwona hata mmoja.

Siku ya saba akapita mzee mmoja mrina asali na baiskeli yake. Nikashuka nikamwamkia, nikamweleza. Hakupanda. Alisimama chini ya mti, akachota vumbi, akaliacha lidondoke vidoleni. Likaelekea majini.

"Mwanangu," akasema, "macho yako ndiyo yaliyochagua huu mti. Pua zao hukuziuliza."

Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa Tabora siku nyingi hutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukikaa mashariki ya maji asubuhi umepata mwanga mzuri na umewapelekea wanyama harufu yako yote. Ukikaa magharibi umejificha, lakini jua linakuchoma machoni na picha zote zinatoka vivuli. Hakuna mti utakaokupa vyote viwili asubuhi, na usipoteze muda kuutafuta. Asubuhi kaa kaskazini ya mapito, upepo upite ubavuni mwako na mwanga uje wa pembeni. Jioni mambo yanageuka na kuwa matamu: unakaa magharibi, upepo unakupiga usoni, jua liko mgongoni, mnyama ameng'aa kama shaba. Ndiyo maana siku hizi nikipewa nafasi moja tu nachagua jioni.

Lakini jioni nayo ina hila yake. Jua likikaribia kuzama upepo hufa, hewa hupoa, na hewa iliyopoa huteremka polepole kutoka kwenye miti kwenda mbugani kama maji yanayotafuta bonde. Harufu yako inateremka nayo. Wanyama nao wanateremka saa ile ile kwenda kunywa. Nusu saa ya mwisho, ambayo ndiyo bora, inaweza kukugeuka. Dawa yake ni kukaa chini kuliko wao: mti ulio ukingoni kabisa mwa mbuga, au mmoja wa ile iliyoota juu ya vichuguu vya zamani vinavyojitokeza katikati ya nyasi. Hapo harufu yako inakwenda bondeni tupu, wao wanatoka juu. Kichuguu ukikague mchana kwanza, shimo kwa shimo, kwa fimbo ndefu. Koboko anavipenda.

Kupima upepo usitegemee kulowesha kidole. Chukua soksi kuukuu ya mtoto, ijaze majivu ya mkaa yaliyochekechwa, ifunge mdomo. Ukiipigapiga kidogo linatoka wingu jepesi, na utaona linavyokwenda hatua tano, linasita, linajikunja nyuma ya shina, linarudi. Kidole hakikuonyeshi huko kurudi. Pima saa kumi alasiri, pima saa kumi na mbili jioni, siku tatu tofauti, kabla hujakata ufito hata mmoja.

Mti wenyewe

Kwanza fuata nyayo na mavi mabichi mpaka ujue njia wanayopita kweli. Halafu tafuta mti ulio hatua 15 hadi 25 kutoka kwenye njia hiyo, upande unaokubaliwa na majivu. Usiwe juu ya njia yenyewe.

Tatizo la miombo ni kwamba ifikapo Agosti mingi imepukutika. Myombo ulioonekana pango la kijani mwezi wa tano, miezi mitatu baadaye ni mifupa, na wewe juu yake ni kama kunguru kwenye waya wa simu. Kinachomfichua mtu mtini ni umbo lake dhidi ya mbingu, kuliko rangi ya nguo. Kwa hiyo tafuta shina nene la kuegemea, lenye kipenyo kuzidi mabega yako kama unaweza, na matawi nyuma yako zaidi ya mbele. Usihofu sana majani machache mbele. Hofu uwazi wa nyuma.

Mti nilioupenda kuliko yote si wa porini. Ni mwembe wa mahameni. Misitu ya huku ina mahame mengi, ya watu waliohamishwa na wakoloni kwa sababu ya ugonjwa wa malale na ya wale waliohamishiwa vijijini miaka ya 1970, na kilichobaki kwenye kiwanja mara nyingi ni mwembe. Haupukutiki. Una giza ndani hata mchana. Na maembe yakianza kudondoka kuelekea mwisho wa mwaka, nsya, wale swala wadogo, na pongo wanakuja wenyewe kuokota. Kasoro yake ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Ukiona fungo la majani yaliyounganishwa mahali popote karibu na utakapokaa, mti huo si wako.

Mti uliokufa usiupande, hata ukionekana mgumu kiasi gani.

Kujenga

Jenga wiki mbili tatu kabla ya siku ya kukaa, mchana wakati wanyama wamelala. Wape muda wa kulizoea.

Kimo: Wamarekani wanapanda mita 5 au 6, nami nilipanda hivyo hivyo mwanzoni. Ukiwa huko juu na mnyama yuko hatua 10, picha yako ni mgongo na masikio. Wapiga upinde nao hulalamikia jambo hilo hilo kwa namna yao, maana pembe ikiwa kali mshale unapata sehemu finyu ya mapafu. Mita 4 kwangu zinatosha, mradi nyuma yangu pamefunikwa. Kimo kinasaidia, lakini hakimfanyi mtu asionekane. Waliosema swala hatazami juu hawajawahi kukaa juu ya swala.

Fito ziache na maganda yake. Ufito uliomenywa unang'aa mweupe kama mfupa. Usipigilie misumari kwenye mti ulio hai. Funga kwa mikanda ya kukazia mizigo, ile ya malori, na baina ya mkanda na gome weka vipande vya gunia ili isilie. Kamba ya gome la myombo ni nzuri kwa mzinga, babu zetu wameitumia, lakini hapa haifai kubeba uzito wako: ikikauka inalegea.

Kisha ruka kidogo ukiwa umefungwa. Kila ufito unaolia, ufunge upya leo.

Usianguke

Huko Marekani kinachowaumiza wengi wa wawindaji wa mtini ni kuanguka. Nunua au azima mkanda wa usalama wa mwili mzima, ule wanaovaa mafundi wa minara ya simu, wenye kamba za mapajani. Mkanda wa kiunoni peke yake unaweza kukuvunja mbavu au kukubana pumzi. Jifunge ukiwa bado unakanyaga chini, ubaki umefungwa mpaka ukanyage chini tena. Kamba ifungwe shinani juu ya kichwa chako na isiwe na ulegevu, ili ukiteleza usiende popote.

Fikiria na hili, ambalo watu hawalifikirii: ukining'inia kwenye mkanda bila kusogea, damu inakwama miguuni na unaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Weka kitanzi cha kamba mfukoni unachoweza kukifunga na kukikanyagia hadi ujiinue.

Kamera na begi usipande navyo. Vifunge kamba chini, panda mikono mitupu, jifunge, ndipo uvivute. Na nyumbani waachie jina la mahali, mti uko upande gani, na saa ya kurudi.

Nguo, sabuni na mbung'o

Swala na jamaa zake hawaoni rangi kama sisi. Nyekundu na chungwa kwao ni kama vumbi. Ndiyo maana mwindaji wa Marekani huvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili asipigwe risasi na mwenzake, na kulungu hana habari. Bluu ndiyo wanayoiona vizuri. Kwa kulungu wa Marekani imepimwa kwamba wanaona hata mwanga wa urujuanimno tusiouona sisi, na sabuni za unga zinazodai kung'arisha huacha nguo ikiwaka kwa mwanga huo. Fua kwa sabuni ya mche, suuza sana, anika mbali na jiko.

Huku kwetu bluu ina kosa la pili. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu mbung'o anavutwa na rangi hizo. Niliwahi kukaa na sweta la bluu nzito, kwa kuwa Julai alfajiri ni baridi na ndilo nililokuwa nalo. Hesabu ya mbung'o niliikomea kwenye 30. Mbung'o anapenyeza sindano kwenye suruali ya jinsi, na ukimpiga kofi unapiga ngoma ya kumwita pongo aje akutazame. Vaa kaki au kahawia, mikono mirefu, shingo imefunikwa. Ukipata homa isiyoeleweka wiki zinazofuata mwambie daktari ulikuwa porini kwenye mbung'o; malale yamewahi kuwapata watu upande wa Urambo.

Marashi, sigara na mafuta ya nywele acha nyumbani. Wazee wengine huning'iniza nguo kwenye moshi. Sidai moshi unaua harufu ya mtu, lakini kiangazi pori lote linanuka moshi, na nimeona hautishi.

Kuingia

Saa ya Tanzania imewekwa kwa nyuzi 45 mashariki, na Tabora iko karibu nyuzi 33. Ndiyo maana jua la Julai huku huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi, karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Mgeni anayefika na ratiba ya Pwani hukaa gizani akitetemeka bure. Kwa asubuhi uwe juu saa kumi na mbili kasorobo, na usiende gizani bila askari. Kwa jioni uwe juu saa tisa alasiri.

Majani makavu ya Agosti yanalia kama papadi. Siku ya kujenga, fagia kinjia cha upana wa miguu miwili kwa tawi, kuanzia hatua 50 hadi kwenye shina, na kisikatize mapito ya wanyama popote. Unapoingia usiguse vichaka kwa mikono. Harufu ya kiganja inabaki.

Kukaa

Ni kazi kuliko kujenga. Macho yao hayashiki umbo lililotulia, yanashika kinachocheza. Zungusha kichwa kama mshale wa saa. Mikono ikae mapajani, kamera tayari iko kifuani. Simu izimwe kabisa, maana mtetemo kwenye fito unasikika. Zima taa ndogo ya kamera inayosaidia kulenga, zima kioo cha nyuma, washa upigaji wa kimya kama kamera yako inao. Chakula changu ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye mfuko wa kitambaa: hayanuki na hayalii kama mfuko wa nailoni. Chupa ya kukojolea yenye kifuniko. Kikohozi kikikujia, mezea mate, na kikizidi kohoa ndani ya kiwiko mara moja, kwa ukamilifu. Kukohoa kwa kujizuia mara tano ni kubaya zaidi.

Wasikilize walinzi wengine. Kanga wakitimka kwa kelele upande wa juu, kuna kinachokuja. Nyani wakikuona wewe, basi, leo imekwisha. Watakutangaza mpaka jioni.

Akifika

Pongo haji kama ng'ombe. Kwanza kuna kichaka, halafu kichaka hicho hicho kina sikio. Dakika tano sikio. Usiinue kamera. Atatoa mguu mmoja, atausimamisha hewani, atautua. Atainamisha kichwa kana kwamba anakula, kisha atakiinua ghafla. Kulungu wa Marekani wana mchezo huo huo, wa kumtega aliyejificha asogee. Mwache auchezee mara mbili au tatu. Mkia ukianza kupepea kwa ulegevu na ukasikia anatafuna kweli, ametulia.

Wapiga upinde huvuta kamba pale kichwa cha mnyama kinapopita nyuma ya shina. Fanya hivyo hivyo: jicho lake likifichwa na mti, inua kamera mara moja na isimame hapo. Jicho likitokea upande wa pili, umeshaganda. Akikukazia macho katikati ya kuinua, ganda ulivyo, hata mkono ukiwaka moto. Fumba macho nusu. Piga picha tatu, pumzika, sikiliza. Akibweka, usimfuatize kwa lenzi. Mwache aende bila kujua alichokibwekea, na kesho kutwa anaweza kurudi.

Tohe, swala wa nyasini, yeye hapigi kelele ya mbwa, hupiga mluzi puani. Ukisikia mluzi mwituni saa za jioni usidhani ni askari wako anakuita ushuke.

Kushuka

Usishuke wakiwa majini. Wakikuona unatoka mtini mara moja tu, mti huo wameuandika. Subiri waende, hata giza liingie, washa taa nyekundu, teremsha kamera kwa kamba kwanza, kisha mwenyewe na mkanda wako.

Ngazi uliyopandia usiiache hapo. Dungu lenye ngazi linamkaribisha kila apitaye usiku na nyaya zake za kutegea. Mimi naifungua, naibeba begani mpaka kwa mzee wa baiskeli, anaiegemeza nyuma ya banda la mizinga, na msimu ukiisha tunarudi wawili kukata mikanda na kuangusha fito.